Siku tano São Paulo peke yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilikwenda São Paulo peke yangu, mara ya kwanza kuvuka Atlantiki, na Kireno changu kilikuwa "obrigada", asante, tu. Tangu nirudi Dar maswali hayaishi, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma ukurasa huu.

Kwa nini São Paulo? Si watu wote huenda Rio?

Rio ina bahari, milima na ile sanamu. Lakini kwa mtu anayeanza, tena mwenye siku chache, São Paulo ni rahisi kuliko sifa zake. Ndege za kutoka upande wetu zinatua hapo, metro yake inaeleweka, na hakuna kivutio kimoja kikubwa ambacho ukikikosa utarudi umenuna. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 11 na ushei ndani ya mipaka ya jiji peke yake, kwa hiyo wazo la "kuimaliza" liache nyumbani. Chagua mitaa mitatu au minne, uitembee vizuri.

Nikiwa nimeshafika huko, si niunganishe na Rio?

Kwa siku tano, hapana. Basi kutoka kituo cha Tietê ni kama saa 6 kwenda tu. Ndege iko angani kama saa moja, lakini weka foleni za barabarani, ukaguzi na kuhama hoteli, siku inakuwa imekwisha.

Siku ngapi zinatosha, na nifike lini?

Tano. Na siku ya kufika ina maana kuliko watu wanavyodhani. Mimi ningefika Ijumaa asubuhi na kuondoka Jumanne usiku, kwa sababu hizi: Jumamosi ni siku ya feijoada, chakula chao cha maharage meusi, na jumba la sanaa la Pinacoteca halitozi kiingilio. Jumapili barabara ya Avenida Paulista hufungwa kwa magari, watu wakamwagika familia nzima lamini: baiskeli, wapiga gitaa, wauza hereni, mbwa waliovalishwa fulana. Jumapili hiyohiyo kuna soko la mtaani Liberdade. Jumatatu makumbusho mengi yamefungwa, nawe utakuwa umechoka, basi hiyo ndiyo siku ya kutembea maduka na bustani. Jumanne jumba la sanaa la MASP ni bure.

Visa je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa, na Brazil ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Anza mapema, miezi miwili kabla si mbali. Andaa tiketi ya kurudi, hoteli uliyoshika na taarifa za benki. Uhamiaji pia wanaweza kukuuliza vitu hivyo ukifika, kwa hiyo chapisha karatasi, usitegemee simu yenye chaji asilimia 4. Ndugu zetu wenye pasipoti za Marekani na Kanada, tangu 10 Aprili 2025 nanyi mnaomba visa, ya mtandaoni. Wa Uingereza na wengi wa Ulaya bado wanaingia bila visa kwa matembezi.

Na chanjo?

Homa ya manjano. Wengi hudhani kadi inaulizwa Brazil, kumbe kazi yake kubwa ni wakati wa kurudi: Brazil imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na ukitokea huko afisa wa afya nyumbani ataitaka kadi yako ya njano. Choma angalau siku 10 kabla ya safari. Kama ulichanjwa miaka mingi iliyopita na kadi unayo, inatosha. Tangu 2016 inahesabiwa ya maisha yote. Beba pia dawa ya kujipaka ya mbu, maana dengi ipo, hasa miezi ya mvua.

Ndege ipi, na tofauti ya saa ni kiasi gani?

Ethiopian huruka Addis Ababa hadi São Paulo, na hiyo ndiyo njia fupi kwa wengi wetu. Kuna pia kupitia Doha, Dubai au Johannesburg. Jiandae kukaa angani saa 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja.

Sasa, tofauti ya saa. Hili nililigundua nikiwa kitandani, usingizi umenikataa. São Paulo iko nyuma yetu kwa saa 6, mwaka mzima, maana Brazil iliacha kubadilisha saa mwaka 2019. Na Kiswahili chetu kinapishana na saa ya Kizungu kwa saa hizohizo 6. Kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye saa ya ukutani São Paulo ndiyo saa ya Kiswahili ya nyumbani! Ukutani ni 8 asubuhi, Dar ni saa nane mchana. Ukutani ni 2 mchana, Dar ni saa mbili usiku na mama yumo kwenye taarifa ya habari. Sikuhesabu tena vidole kabla ya kupiga simu.

Nikitua Guarulhos natokaje?

Kiwanja kiko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya jiji. Treni ipo, mstari wa 13, na ni rahisi sana kwa bei. Hata hivyo siku ya kwanza, una begi, hujalala, hujui ni kituo gani cha kubadilishia, chukua gari. Programu za kuita gari, Uber na 99, zinafanya kazi vizuri, na ndani ya kiwanja kuna dawati la teksi unalolipia kabla ya kupanda. Anayekufuata mlangoni akisema "teksi, teksi" mpe salamu, uendelee na safari. Treni utaipanda siku ya kurudi, ukiwa mwenyeji.

Nilale wapi?

Karibu na kituo cha Paraíso, au popote kandokando ya Avenida Paulista. Vila Mariana ni tulivu na bei ni afadhali kidogo. Pinheiros na Vila Madalena ni kwa mpenda vijiwe vya usiku. Katikati ya mji mkongwe, yaani República, Santa Ifigênia na kuzunguka Luz, kuna hoteli za bei ya kutupa na majengo ya kupendeza, lakini usiku mtaa unabadilika. Nenda mchana.

Nimesema Paraíso kwa sababu hapo mstari wa buluu na wa kijani unakutana. Panda wa kijani, uko Trianon-Masp, Consolação, mpaka Vila Madalena. Panda wa buluu kuelekea kaskazini, uko Japão-Liberdade, Sé, São Bento, Luz. Robo tatu ya safari yangu ilikuwa kwenye mistari hiyo miwili. Na majina yenyewe, ukiyafasiri: Peponi, Faraja, Uhuru, Nuru. Kama unasoma utenzi.

Metro ni salama?

Ni safi, inakuja kila baada ya dakika chache, na nauli ni reais 5 na senti kidogo kwenda popote. Inaanza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, inafungwa kama saa sita usiku. Tahadhari ni moja: Sé saa za watu kutoka kazini. Nilijaribu saa kumi na mbili jioni. Mbagala ya zamani, wakati watu wanapandia dirishani, ndiyo picha itakayokuja. Kaa mahali unywe kahawa mpaka saa mbili.

Sijui Kireno hata neno.

Unajua. Mreno alikaa pwani yetu miaka karibu mia mbili, Fort Jesus aliianza 1593, na alipoondoka aliacha vyombo. Meza ni *mesa*. Bendera ni *bandeira*. Foronya ni *fronha*, mvinyo ni *vinho*, leso ni *lenço*, karata ni *carta*. Kopo ni *copo*, ila kwao ni bilauri. Siku ya pili mhudumu alinionyesha meza akasema "mesa", nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kinachosumbua ni matamshi. R ya mwanzo wanaitamka H, kwa hiyo *real* inasikika "heau" na Rio ni "Hiu". *Di* ni "ji", *ti* ni "chi": *bom dia* ni "bom jia", *leite* ni "leichi". Mwanamke anasema *obrigada*, mwanamume *obrigado*. Mlango ulioandikwa *puxe*, unaotamkwa "pushi", unavutwa; utausukuma tu, sote tumeusukuma.

Kiingereza usikitegemee, hata hotelini wakati mwingine. Pakua Kireno kwenye programu ya kutafsiri ili ifanye kazi bila intaneti.

Pesa nibebe kiasi gani, na za aina gani?

Pesa yao ni real, wingi reais. Kadi ya benki inapokelewa karibu kila mahali, mpaka kwa muuza madafu. Ataulizia "crédito ou débito?", kadi ya nje mara nyingi hupita kwa *crédito*, hata kama kwako ni ya kutolea akiba. Kuwa na kadi mbili, moja ikae hotelini, na uiambie benki yako unasafiri wapi kabla hawajaifunga ukiwa Jumapili Liberdade.

Utaona neno Pix kila kibanda. Hiyo ni kama M-Pesa yao, iliyoanzishwa na benki kuu mwaka 2020, na inataka akaunti ya Brazil. Mgeni anaitazama tu. Pesa taslimu reais 200 hivi mfukoni zinatosha kwa masoko ya mtaani. Toa kwenye mashine iliyo ndani ya benki au jengo la maduka, kamwe si ya barabarani usiku.

Laini ya simu?

Usajili wa laini unamwelemea mgeni kwa sababu ya namba yao ya mlipakodi, CPF. Nunua eSIM kabla ya kuondoka.

Ni kweli wanaiba simu?

Kweli. Sisi tunawajua wa kukwapua pochi wakiwa juu ya pikipiki. São Paulo wengi huja na baiskeli, hata Paulista mchana kweupe. Anapita karibu na ukingo wa barabara, mkono mmoja, simu imekwenda ikiwa imefunguliwa, na hapo ndipo hasara inapoanzia, maana anaingia kwenye programu za benki.

Jifunze kwa wenyeji. Nilimwona baba mmoja kavaa suti, simu inaita mfukoni. Hakuitoa. Alitembea hatua ishirini, akaingia duka la dawa, akasimama katikati ya rafu za shampuu, ndipo akapokea. Alipomaliza akairudisha mfuko wa ndani, akatoka bila kununua kitu, na muuzaji hakushangaa.

Mimi nilitembea na simu ya zamani isiyo na programu ya benki. Nzuri ilibaki hotelini. Ramani isome kabla ya kutoka, au uingie ndani ya duka. Kwenye gari, simu iwe mbali na dirisha lililo wazi. Andika namba ya IMEI (bonyeza *#06#) kwenye karatasi. Na ukikabwa, toa. Polisi ni 190.

Mwanamke peke yake, hapana usumbufu?

Kutazamwa na maneno mawili matatu, si zaidi ya Kariakoo. Baada ya saa tatu usiku sikutembea kwa miguu, hata mitaa miwili; niliita gari, nikasubiri ndani mpaka namba ya gari ilingane. Kula peke yako hakuna anayekushangaa, na hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Mtu mweusi anapokelewaje?

Utachukuliwa kuwa mwenyeji. Sensa ya 2022, kwa Brazil nzima, ina asilimia 45.3 waliojiita *pardo*, machotara, na 10.2 *preto*, weusi. Kila mtu alinisemesha Kireno, mmoja akasisitiza natoka Bahia, jimbo lao lenye weusi wengi, na najificha. Lakini sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kwenye duka moja la vipodozi mlinzi alinifuata rafu kwa rafu mpaka nikatoka, na wateja wengine, weupe, hakuwafuata. Ubaguzi wa rangi ni jinai kwa katiba yao ya 1988. Mlinzi yule sidhani kama aliisoma.

Nitakula nini?

Swali nililokuwa nalingoja.

Asubuhi nenda *padaria*. Duka la mikate, ndiyo, lakini kuna kaunta na viti virefu, na ndipo jiji linapoamkia. Agiza *pão na chapa*, mkate uliokatwa katikati, ukapakwa siagi na kukandamizwa kwenye bamba la moto mpaka kingo ziwe kahawia, na *média*, kahawa ya maziwa. Ukiingia unaweza kupewa kadi ya plastiki yenye namba, *comanda*. Mhudumu anaandikia humo kila unachoagiza, na unalipa kwa keshia ukitoka. Mimi sikujua. Nilikula, nikaiacha kadi mezani pamoja na bakshishi, nikaelekea mlangoni. Kijana wa mlangoni akanyoosha kiganja. Nikampa mkono, tukasalimiana! Foleni yote ikaangua kicheko, mama mmoja akaikimbilia kadi yangu kabla haijapanguswa pamoja na makombo. Ukiipoteza unatozwa faini, kwa hiyo ishike kama tiketi ya mwendokasi.

Mchana kuna *por quilo*: unajipakulia, sahani inapimwa kwenye mizani, unalipa kwa uzito. Kwa mtu aliye peke yake hakuna mpango bora, unaonja vitu kumi kwa kijiko kimoja kimoja. Au agiza PF, *prato feito*: wali, maharage, nyama, saladi, kama sahani ya mama ntilie, kwa reais 30 hivi. Kwenye wali na maharage yao usisubirie nazi.

Migahawa ya kawaida São Paulo ina ratiba ya wiki: Jumatatu *virado* (maharage yaliyosongwa na unga), Jumatano na Jumamosi *feijoada*, maharage meusi yaliyopikwa na nyama za nguruwe, yakaja na sukuma ya kukatwa uzi, chungwa na *farofa*. Farofa ni unga wa muhogo uliokaangwa. Muhogo wenyewe asili yake ni huko Amerika Kusini, Mreno ndiye aliyetuletea, sawa na mkorosho. Kwa hiyo utaviona vitu vya nyumbani katika nyumba yao ya kwanza: muhogo wa kukaanga (*mandioca frita*, hauna pilipili, omba), na *pão de queijo*, vimkate vya wanga wa muhogo na jibini vya kuliwa vikiwa moto.

Kisha tafuta *feira*, soko linalofunga mtaa mmoja siku moja ya wiki. Uliza hotelini la kwenu ni lini. Huko kuna *pastel*, kama sambusa bapa kubwa kuliko kiganja, na maji ya miwa, *caldo de cana*, yanayokamuliwa mbele yako kwa mashine ileile ya Forodhani. Wanatia ndimu au nanasi. Tangawizi sikuiona, masikini.

Tahadhari ndogo sokoni: muuza matunda anayekuonjesha embe, kisha stafeli, kisha tende, akafunga mfuko kabla hujauliza bei, atakupa hesabu ya kukutoa jasho. Bei kwanza.

Mimi Mwislamu, nitaishije na nguruwe yote hiyo?

Uliza hata kwenye maharage ya kawaida, maana hutiwa vipande vya nyama ya nguruwe: "tem porco?" Wahamiaji wa Lebanoni na Syria wamekuwa jijini zaidi ya karne, na mitaa ya Brás utapata chakula halali, *esfiha* (vimkate vya nyama) na kibe (kababu za ngano na nyama). Msikiti mkongwe ni Mesquita Brasil, eneo la Cambuci.

Niende wapi hasa?

MASP, kwenye Paulista. Jengo la mbunifu Lina Bo Bardi lililofunguliwa 1968, limeinuliwa juu ya nguzo nyekundu, chini yake uwanja mtupu ambako watu huandamana, huuza vitu vya kale na kujikinga mvua. Ndani, picha zimesimamishwa kwenye vioo katikati ya ukumbi. Unatembea katikati yake kama kwenye umati.

Ibirapuera, bustani iliyofunguliwa 1954. Humo kuna Museu Afro Brasil, iliyoanzishwa 2004 na msanii Emanoel Araujo. Tenga saa tatu. Brazil ilipokea Waafrika waliotekwa karibu milioni 5, kuliko nchi yoyote ya Amerika, na ilifuta utumwa 1888, miaka tisa tu kabla ya Zanzibar. Nilitoka nikakaa kwenye nyasi muda mrefu.

Liberdade. Vitabu vya wageni vitakuambia ni mtaa wa Wajapani, waliofika na meli ya Kasato Maru mwaka 1908, na kweli taa nyekundu na tambi zipo. Lakini kabla yao ulikuwa mtaa wa watu weusi, na uwanja uliopo juu ya kituo cha metro ndipo mti wa kunyongea uliposimama. Mwaka 1821 alinyongwa hapo mwanajeshi mweusi aliyeitwa Chaguinhas, aliyekuwa amedai mishahara, inasimuliwa kamba ilikatika, na watu wakapiga kelele "Liberdade!", uhuru. Ukiacha soko, ingia kichochoro cha Rua dos Aflitos. Mwishoni kuna kanisa dogo, Capela dos Aflitos, la mwaka 1779, lililokuwa la makaburi ya watumwa na maskini. Watu hugonga mlango wa mbao mara tatu na kumwomba Chaguinhas haja zao. Nilimkuta dada wa rika langu, kavaa sare ya hospitali, amegonga, kisha ameacha kiganja chake juu ya mbao kwa muda. Mwaka 2018 kituo kikaongezewa jina, kikawa Japão-Liberdade. La Afrika halikuwekwa.

Mengine kwa haraka: Pinacoteca ukienda Luz mchana, makumbusho ya mpira uwanja wa Pacaembu, hata kama hupendi mpira, Copan, jengo la mbunifu Niemeyer lililojipinda kama wimbi, lenye nyumba zaidi ya 1,100. Beco do Batman ni kichochoro cha michoro, kizuri, kimejaa wapiga picha.

Nguo na umeme?

Jiji liko mita 760 hivi juu ya bahari. Juni hadi Agosti kuna baridi ya Arusha, beba sweta. Desemba hadi Machi, radi na mvua kubwa kila ikifika jioni. Umeme ni volti 127 na plagi ina pini tatu za mviringo. Chaja ya simu haina shida, pasi yako haitapata moto. Hita ya bafuni iliyo juu ya kichwa, ya waya, wenzetu wa Nairobi wanaijua: chapa yake, Lorenzetti, inatengenezwa hukohuko Brazil. Maji yakiwa ya baridi, punguza kasi ya bomba. Karatasi ya chooni inatupwa kwenye kindoo, si kwenye choo.

Nikiugua?

Hospitali za umma, SUS, humhudumia yeyote wakati wa dharura bila malipo, na mgeni pia. Tafuta UPA, kituo chao cha dharura, iliyo karibu. Gari la wagonjwa ni 192. Bima ya safari kata hata hivyo.

Nirudi na zawadi gani?

Kahawa, kandambili za Havaianas, na *doce de leite*, maziwa yaliyopikwa na sukari, kwa watoto. Mimi nilimletea mama pakiti ya farofa, nikamweleza ni chakula cha Brazil, kinatoka mbali. Akaifungua, akainusa, akaweka chembe ulimini. Akaniuliza ndege yote ile nimeenda kumnunulia unga wa muhogo.